Kipindupindu 2015 au korona 2020: kipi kiliwatia hasara zaidi wauza mitaani wa Dar?

#1 Hesabu za Tandale
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kubishana na shemeji mpaka chai imepoa. Yeye anasema janga lililowamaliza wauza mitaani wa Dar ni korona. Mimi nasema ni kipindupindu cha 2015, na korona kwa mmachinga wa hapa ilikuwa cha mtoto.

Hoja yangu ni hii. 2020 hatukufungiwa. Kenya walipigwa kafyu, Uganda na Rwanda wakafungiwa ndani, sisi Kariakoo watu wanasukumana kama kawaida. Lakini 2015 tangazo lilikuja moja kwa moja kwa muuza chakula: marufuku kupika na kuuza kando ya barabara, marufuku matunda ya kukata, marufuku juisi. Mama alikuwa anauza wali maharage na samaki Tandale kwa Mtogole. Sufuria mbili zilimwagwa mtaroni wateja wakiwa wameshika vijiko, na mgambo mmoja kabla ya kumwaga alichomoa kipande cha samaki akala. Kama chakula kina kipindupindu, ulikula ya nini?

Tiririkeni, hasa mliokuwa barabarani.

#2 Chipsi Dume
Alikuwa anachukua sampuli ya maabara. Nimekaa pale na soda yangu, endeleeni.

#3 Binti wa Getini
Mleta mada, wewe unahesabu kwa sufuria ya mama yako. Ngoja nami nihesabu kwa ungo wa mama yangu.

Mama anauza ubuyu, kashata, barafu na maandazi nje ya geti la shule ya msingi, Mbagala. Kipindupindu kilimpunguzia barafu tu, vingine vikaendelea. 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa Dar, kesho yake shule zikafungwa nchi nzima. Barabarani hakuna aliyemfukuza, na wala hakuna tangazo lililomtaja. Wateja wake tu ndio waliofungiwa nyumbani. Ukikaa kwenye geti la shule iliyofungwa utamuuzia nani, mlinzi?

Tulikula mtaji ndani ya wiki tatu. Ubuyu uliobaki tulimalizia wenyewe, mpaka leo nikiona ubuyu mwekundu meno yananiuma.

#4 Mwalimu Chaki
Binti wa Getini, sahihisho dogo. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 na alikuwa Arusha, msafiri aliyetoka Ubelgiji. Shule kufungwa kesho yake upo sahihi, 17 Machi. Vyuo na kidato cha sita vilirudi 1 Juni, shule nyingine 29 Juni. Kwa hiyo mama yako alikaa miezi mitatu na zaidi bila wateja. Hoja yako inazidi kuwa nzito, siyo kupungua.

#5 Binti wa Getini
Asante mwalimu. Hiyo 29 Juni naikumbuka kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Mama alikopa elfu thelathini kwa kijumbe, yule mshika pesa za upatu, akakaanga maandazi saa tisa usiku.

#6 Kahawa Chungu
Mimi nimeuza kahawa ya birika Ilala tangu 2009, majanga yote mawili yamenikuta na vikombe mkononi, kwa hiyo naomba mnisikilize taratibu.

2015 kahawa haikuguswa. Kahawa inachemka juu ya mkaa masaa yote, hata mgambo wenyewe walikuja kunywa. Kilichonishika ni korona, na kilichonishika hasa ni ndoo. Mnajua kahawa ya kijiweni: vikombe kumi na mbili, wateja arobaini, ndoo moja ya kusuuzia. Unachovya, unakung'uta, unamimina kwa anayefuata. Miaka kumi na moja watu walikuwa wanakunywa na hakuna aliyewahi kuitazama ile ndoo. Machi 2020 mteja mmoja, fundi wa redio, alipokea kikombe, akaangalia ndoo, akarudisha kikombe. Hakusema neno. Walioketi kwenye benchi wote wakageuka wakaitazama ndoo. Siku ile niliuza vikombe sita.

Nikanunua ndoo ya pili, nikanunua chupa ya chai kubwa ya kuwekea maji ya moto, kila kikombe namwagia mbele ya mteja ili aone. Wengine hawakuridhika, wakaanza kuja na vikombe vyao. Kuna mzee mmoja alikuja na kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu, kinaingia karibu nusu lita. Akataka kijazwe kwa bei ile ile ya shilingi mia.

#7 Chipsi Dume
Hahahaa mzee wa kikombe cha bati ndiye mchumi pekee kwenye huu uzi.

#8 Mjukuu wa Pemba
Hii mbona kama chai, yaani uongo?

#9 Kahawa Chungu
Mimi nauza kahawa, chai siijui.

Nilimjazia siku ya kwanza kwa heshima ya mvi. Siku ya pili tukaelewana, mia mbili na anajaziwa nusu.

#10 Nesi wa Zamu
Nimesoma yote. Nilifanya kazi kwenye kambi ya kipindupindu 2015, nitaongea kidogo.

Mleta mada, mama yako alimwagiwa chakula ambacho pengine ndicho kilikuwa salama kuliko vyote vya mtaa huo. Wali unaotoka jikoni unafuka moshi, samaki wa mafuta ya moto, yale maharage yanayotokota: kimelea cha kipindupindu hakivumilii moto huo. Hatari iko kwenye barafu ya maji ya kisima, juisi, kachumbari, kiporo kilicholala, sahani iliyooshwa maji machafu, na mkono uliotoka chooni. Tukiwauliza wagonjwa walikula wapi, kila mmoja anamtaja mama ntilie, kwa sababu ndiye wanayemkumbuka. Hakuna anayekumbuka kikombe cha maji alichokunywa kwa jirani.

Vitanda vya kambi vinatobolewa katikati na chini kunawekwa ndoo. Unapima ndoo, unajua dripu ngapi zirudi mwilini. Nilikuwa natoka pale nakanyaga maji ya klorini mlangoni, naenda kununua chakula kwa mama ntilie nje ya geti, na kila siku nilimwambia jambo moja: kipashe moto tena mbele yangu. Sikuugua.

Hasara ya nani zaidi sijui. Ila 2015 tulimfukuza mpishi tukamwacha mwenye kisima kilichopakana na choo.

#11 Hesabu za Tandale
Nesi Mungu akubariki. Shemeji namtumia hii sasa hivi.

#12 Msimbazi B
Mnaongea kama wauza mitaani wote ni wapishi. Sisi wa mitumba, viatu na vifaa vya simu je? Kipindupindu hakikutuhusu hata kidogo. Korona ilitupiga kabla haijafika nchini, na hiki watu wengi hawakijui.

Mzigo wa Kariakoo unatoka China. Mwishoni mwa Januari 2020 Wuhan ikafungwa, likizo ya mwaka mpya wao ikarefushwa, viwanda havifunguki, na wafanyabiashara wetu wa Guangzhou wamekwama. Kufikia Februari kava la simu nililokuwa nachukua dazeni kwa bei ya kawaida likapanda karibu mara mbili, na halipo. Hapo Tanzania hakuna mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo kwangu mimi haikuwa hofu ya wateja wala mgambo. Mzigo ulikatika, basi.

Na kingine: mwenye duka alipokosa mzigo alikuja kuuza barabarani mwenyewe, kwenye nafasi yangu.

#13 Jezi Orijino
Msimbazi B umenikumbusha kidonda. 8 Machi 2020 Yanga wanamfunga Simba 1-0, bao la Morrison la faulo. Mimi nikaingiza mtaji wote kwenye jezi za Morrison. Siku tisa baadaye ligi inasimamishwa.

#14 Mnyama Mkali
Halafu ligi ikarudi 13 Juni, Simba akachukua ubingwa, na Agosti Morrison mwenyewe akahamia Simba. Mkuu, wewe korona usiisingizie, hiyo ni adhabu ya kushabikia wrong... samahani, ya kushabikia upande usiofaa.

#15 Jezi Orijino
Nilizikata mikono nikauza kama vitambaa vya kufutia gari. Usinichokoze.

#16 Mwana Kongowea
Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa, nimewasoma nikacheka na kusikitika pamoja.

Ninyi mwabishana ni kipi kibaya kwa kuwa hamkuonja kafyu. Kwetu ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Sasa fikirini: viazi karai, bhajia, mishikaki, mkate wa sinia, vyote hivyo biashara yake yaanza jua likitua. Mwuza mahamri na mbaazi wa asubuhi alisalimika. Mwuza viazi karai, kazi yake yote iliangukia ndani ya masaa aliyokatazwa. Dada yangu alianza kukaanga saa tisa mchana, jua la utosi. Nani ala viazi karai saa tisa?

Kisha ikaja Ramadhani. Tukasema angalau futari itatutoa. Tarehe 6 Mei wakafunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka, siku moja na Eastleigh ya Nairobi. Dada alikuwa na unga wa mahamri magunia mawili. Alikuwa akipika, akifunga kwenye mifuko, akiwapa watoto wapite vichochoroni mlango kwa mlango, mchana, watu wamefunga. Walinunua wakaweka mpaka magharibi. Hivyo ndivyo alivyomaliza mwezi.

#17 Hesabu za Tandale
Pole sana ndugu yetu. Lakini hii inaunga mkono hoja yangu: kinachoua ni amri, siyo ugonjwa.

#18 Binti wa Getini
Haiungi mkono kitu. Mama yangu hakupewa amri yoyote na alifilisika vilevile.

#19 Dereva wa Tunduma
Nachomekea tu. Januari 2018 nilikuwa Lusaka na lori, kipindupindu kimeshika. Walitoa wanajeshi kuwaondoa wauza barabarani katikati ya mji. Asubuhi nimeegesha, mji una vibanda kila kona. Jioni narudi, barabara nyeupe kama uwanja wa ndege. Mtu wa mahindi ya kuchoma niliyekuwa namjua nilimkuta anauzia ndani ya uzio wa yadi ya malori, anapitisha mahindi chini ya geti.

Kwa hiyo mbinu ni zile zile kila nchi. Akikosa barabara anahamia uani.

#20 Kampala Sebo
Nyie hamjasikia ya Kampala. Mimi Mtanzania ila nilikuwa huko. Machi 2020 Rais Museveni alipiga marufuku usafiri wa abiria, wauza bidhaa zisizo chakula wakaondolewa sokoni, na wauza chakula wakaambiwa wabaki, ila walale hapo hapo sokoni. Nakasero ile ile ya katikati ya mji. Wanatandika kwenye meza za mbogamboga, neti zimefungwa kwenye nguzo za kibanda. Niliona mama kalala kwenye nyanya zake, yaani matenga ya nyanya ndiyo ukuta wa chumba.

Mwenzake aliyekuwa anauza viatu meza ya pili alirudi nyumbani akakaa njaa. Wote majirani wa soko moja, ugonjwa ule ule. Tofauti yao ni kiatu na nyanya.

#21 Msimbazi B
Na wakabadilisha? Mimi ningelala na viatu nikaweka nyanya juu.

#22 Kampala Sebo
Wapo waliofanya hivyo hivyo. Ndizi juu, sandali chini.

#23 Fundi Cherehani
Acheni niwe mkweli, mtanitukana mkitaka. Korona ilinijengea vyumba viwili.

Nilikuwa nashona sketi za shule. Shule zikafungwa nikaona nimekwisha. Aprili mteja kaniomba barakoa ya kitenge, nikamshonea kwa kuangalia picha kwenye simu. Kesho yake wakaja watano. Mabaki ya vitenge niliyokuwa natupa au kujazia mito, kipande kimoja kinatoa barakoa tatu. Vijana walikuwa wanachukua kwangu kwa jumla, wanazibana kwenye mti kama wauza karanga, wanasimama vituo vya daladala. Mmoja alikuwa anauza soksi, mwingine anauza chaja. Waliobadilika haraka hawakulia.

#24 Mjukuu wa Pemba
Kumbe zile barakoa zilizokuwa zinanukia mto wa kulalia ni zako.

#25 Fundi Cherehani
Zilikuwa zinafuliwa!! (baadhi)

#26 Genge la Buguruni
Fundi asidhani ni peke yake. Ndimu, malimao na tangawizi. Watu wanajifukiza nyungu kila nyumba, sokoni tangawizi haikamatiki. Mimi nilikuwa nauza nyanya na vitunguu, nikatoa nusu ya meza nikapanga malimao, mchaichai na majani ya mwarobaini. Ndimu niliyokuwa nauza tatu kwa mia ilifika mahali nauza moja kwa mia tatu na mtu anashukuru.

Lakini msikilize mwisho wake. Mwezi wa sita watu wakapoa, nyungu zikafunikwa, nami nina matenga manne ya ndimu yanaoza. Faida yote ya Aprili na Mei ikarudi jalalani. Biashara ya hofu inapanda haraka, inashuka usiku mmoja.

#27 Nesi wa Zamu
Na kwa wanaosoma leo: mvuke wa nyungu unafungua pua, korona hauitibu. Niliwapokea walioungua mapaja kwa sufuria kupinduka chini ya blanketi.

#28 Karanga za Foleni
Mnasahau levo siti. Daladala zilipoambiwa abiria wakae tu, hakuna kusimama, foleni Mbagala Rangi Tatu na Gongo la Mboto ilikuwa saa nzima, mbili. Mtu aliyesimama kituoni saa mbili ananunua karanga, ananunua maji, ananunua hata kitana. Mimi mauzo yangu ya jioni 2020 sijawahi kuyapata tena. Mkiniuliza mimi nitasema korona ilikuwa neema, ila sisemi kwa sauti maana nilizika baba mdogo mwaka uliofuata.

#29 Hesabu za Tandale
Pole kaka. Nakubali nilikosea kusema korona ilikuwa cha mtoto. Lakini bado nauliza: 2020 kwa nini mgambo hawakuwagusa?

#30 Msimbazi B
Kitambulisho. Desemba 2018 vilitoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, elfu ishirini kwa mwaka. Ukiwa nacho shingoni mgambo anapita anakusalimia. Mama yako 2015 hakuwa nacho, ndiyo maana sufuria zilimwagwa. Haina uhusiano na ugonjwa upi ni mkali.

#31 Mwalimu Chaki
Mimi naona siyo kitambulisho peke yake. 2015 ulikuwa mwaka wa uchaguzi halafu ukaingia utawala mpya wenye fagio. Kumbukeni 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, taifa zima likafanya usafi, na kipindupindu kilitajwa kama sababu. Usafi ulikuwa ndiyo habari ya mjini. Muuza chakula wa kando ya mtaro akaonekana ni uchafu wenyewe.

#32 Genge la Buguruni
Mwalimu, kipindupindu kilianza Agosti, wakati wa kampeni, Rais mwingine. Marufuku za chakula zilishakuwepo kabla ya hilo fagio.

#33 Mwalimu Chaki
Kweli, Agosti, Kinondoni. Fagio lilikuta marufuku ipo, likaiongezea nguvu. Nimesahihishwa.

#34 Chipsi Dume
Mwalimu kakosolewa, andikeni tarehe.

#35 Maman Goma
Jambo benye uzi. Miye niko Goma, Congo. Mambo ya ndoo na kunawa, siye tulishazoea mbele ya korona. Ebola ilifika Goma mwezi wa saba 2019, tangu hapo kila mlango wa soko kuko bidoni (dumu) ya maji na mtu wa kukupima moto kwenye paji la uso. Wateja walikuwa wanakimbilia muuzaji mwenye bidoni. Asiye na bidoni anapitwa.

Lakini kilichotuvunja ni mpaka kufungwa Machi 2020. Bamama wanaovuka mpaka pa Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, kuchukua nyanya, mayai, maziwa, wanarudi siku hiyo hiyo, mtaji wa dola ishirini au thelathini. Ebola walifunga mpaka kwa masaa tu, korona wakafunga kabisa. Nyuma yake wakaanza kuvusha kwa kikundi: bamama kumi wanachanga franga, camion (lori) moja inavuka, mnagawana huku. Ila ukichanga hauchague nyanya yako. Unapewa iliyofika, hata kama imepondeka.

#36 Binti wa Getini
Maman Goma umesema kitu. Kuchagua bidhaa kwa mkono wako ndiyo faida yenyewe. Mama yangu alipoagiziwa ubuyu na mtu badala ya kwenda mwenyewe aliletewa wenye fungus.

#37 Riba Imenizeesha
Hapa kila mtu anataja kilichomwangusha, hakuna anayetaja kilichomzuia kuinuka. Mikopo ya kausha damu. Unakopa laki moja, unarudisha kila siku, wanakufuata na daftari. Korona ikija, mvua ikija, daftari linakuja. Mke wangu alikuwa anauza chapati Manzese, hakuugua wala hakufukuzwa, wateja walipungua kidogo tu. Hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyokuwa rejesho. Walichukua jiko la gesi, wakachukua na kile kibao cha kusukumia chapati. Kibao! Kina thamani gani kwao?

#38 Kahawa Chungu
Hapo kwenye kibao nimesimama.

#39 Msimbazi B
Na bado hamjafika Oktoba 2021, tulipoondolewa Kariakoo wote. Mimi hasara ya korona nilishaifidia, ile ya kuhamishwa mpaka leo bado.

#40 Mjukuu wa Pemba
Huo ni uzi mwingine kabisa, usituhamishe nasi.

#41 Hesabu za Tandale
Shemeji kasoma mpaka #37, anasema ameshinda. Mimi naona sijashindwa. Mama alipomwagiwa alianza kupika ndani ya nyumba, wateja wanaingia kwa mlango wa uani mmoja mmoja kama wanaenda kwa mganga. Hakurudi barabarani tena. Sasa nikae nifikirie: kipindupindu kilimfilisi au kilimpa mgahawa?

#42 Karanga za Foleni
Muulize mwenyewe mama.

#43 Hesabu za Tandale
Nimemuuliza. Kasema anataka alipwe samaki wake.

#44 Chipsi Dume
Kahawa Chungu, yule mzee wa kikombe cha bati siku hizi anajaziwa shilingi ngapi?

#45 Kahawa Chungu
Alikuwa anakiacha kwangu jioni, nakining'iniza kwenye msumari wa benchi, asubuhi anakikuta. Mwanzoni mwa 2021 siku moja hakuja. Wiki ikapita. Kipindi kile watu walikuwa hawaulizi sana, nami sikuuliza. Kikombe kiko nyumbani, mke wangu anapimia unga.

#46 Jezi Orijino
Pole mkuu.

Jamani, mwenye kujua anijuze: zile elfu ishirini za kitambulisho nililipia 2021, miezi michache kabla ya kuondolewa. Kuna aliyerudishiwa?